Tathmini: Pawa Saplai Kuukuu ya Kompyuta Kwenye Meza ya Ufundi wa Nyumbani

Kifaa ninachokitathmini hapa ni pawa saplai, yaani boksi linalogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za kulisha kompyuta, ya aina ya ATX (mpangilio rasmi wa kompyuta za mezani) yenye wati 300 kwenye lebo, iliyotolewa katika kompyuta ya ofisini iliyokwisha kazi, ambayo niliinunua kwa shilingi 20,000 katika duka la vipuri vya kompyuta zilizotumika mjini Dar es Salaam. Nimeitumia pamoja na kibao kidogo chenye soketi ya pini 24, ambacho hupokea plagi kuu ya saplai na kuzigawa volti zake katika vifungio vya skrubu, ili mtu asilazimike kukata waya wowote. Vitu hivi viwili ndivyo vinavyolisha meza yangu ya ufundi, na ninaandika kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo vya ufundi stadi vya VETA, wapenzi wa Arduino (bodi ndogo za kielektroniki zinazopangwa kwa programu), na mafundi wanaoanza ambao bado hawajaweza kununua saplai ya mezani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Maoni yangu nayaweka wazi mapema. Kwa bei hiyo sijaona kifaa kingine kinachotoa mkondo mwingi kiasi hiki katika volti zilizotulia, lakini wingi huohuo wa mkondo ndio kasoro yake kubwa, kwa sababu saplai haina njia ya kuupunguza pale unapokosea kuunganisha saketi. Ubora wake mezani unategemea fyuzi utakazoziweka kati yake na kazi yako, kuliko unavyotegemea jina la kiwanda kilichoitengeneza.

Mpangilio wa ATX ulitolewa na kampuni ya Intel mwaka 1995, na faida yake kwetu ni kwamba rangi za nyaya na nafasi za pini zimewekwa rasmi, hivyo anayeifahamu saplai moja anazifahamu karibu zote. Nyaya za rangi ya machungwa hubeba volti 3.3, nyekundu hubeba volti 5, za njano volti 12, na ule wa buluu hubeba volti 12 hasi. Nyeusi zote ni upande wa pamoja wa sifuri. Waya wa zambarau hutoa volti 5 za akiba, ambazo huwapo muda wote saplai ikiwa imechomekwa ukutani hata kama haijawashwa. Wa kijivu hupanda hadi volti 5 kuonyesha kwamba volti kuu zimetulia. Na wa kijani ndio wa kuwashia. Ukiunganisha waya wa kijani na mweusi wowote, saplai huwaka na feni huanza kuzunguka, ukiutenganisha, huzimika. Saplai za zamani zaidi zina pia waya mweupe wa volti 5 hasi, ambao uliondolewa katika matoleo ya baadaye, na plagi kuu, ambayo mwanzoni ilikuwa na pini 20, iliongezwa kuwa na pini 24 mwaka 2003. Siku hizi zipo saplai ambazo nyaya zake zote ni nyeusi, na hapo rangi hazisaidii kitu: inabidi kuhesabu pini, ambapo ya kuwashia ni ya 16 katika plagi ya pini 24.

Lebo inastahili kusomwa hadi mstari wa mwisho. Ya kwangu inataja ampea 20 kwa volti 3.3, ampea 22 kwa volti 5 na ampea 16 kwa volti 12, lakini chini yake kuna sentensi ndogo inayosema kwamba volti 3.3 na volti 5 kwa pamoja zisizidi wati 120. Ampea 22 katika volti 5 peke yake ni wati 110, kwa hiyo anayezichukua zote hapo amebakiwa na wati 10 tu kwa upande wa volti 3.3. Volti 12 hasi nayo imewekewa ampea 0.3 pekee. Kiasi hicho kinatosha kulisha saketi ndogo za vikuza sauti zinazohitaji umeme chanya na hasi, lakini anayefikiri kuwa amepata volti 24 zenye nguvu kwa kuunganisha kati ya njano na buluu atagundua upesi kwamba upande dhaifu ndio unaoamua kiwango cha mkondo.

Katika kununua, nashauri mnunuzi asiridhike na maneno ya muuzaji kwamba kifaa ni kizima. Kipime uzito mkononi: saplai nyepesi kupita kiasi yenye lebo ya wati 500 huwa na trafoma ndogo na vipozea joto vyembamba, na wati zilizoandikwa juu yake haziwezi kupatikana. Mulika tochi kupitia matundu ya hewa ukatazame vichwa vya kapasita, yaani vile vikopo vidogo vinavyohifadhi chaji ya umeme. Vikiwa vimevimba au vina ute wa kahawia uliokauka, iache, kwani saplai nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 zilifungwa kapasita duni ambazo huharibika kwa namna hiyohiyo. Omba iwashwe mbele yako kwa kipande cha waya kati ya kijani na nyeusi, kisha upime kwa multimita yako mwenyewe. Kiwango rasmi huruhusu asilimia 5 juu au chini kwa volti chanya, maana yake ni kwamba volti 12 iwe kati ya 11.4 na 12.6, na volti 5 iwe kati ya 4.75 na 5.25. Iliyo nje ya hapo bila mzigo mkubwa haifai hata ukipewa bure.

Lipo pia suala la aina ya kompyuta ilimotoka. Baadhi ya kompyuta za Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilitumia plagi inayofanana kabisa na ya ATX ilhali pini zake zimepangwa kivingine, na anayeichomeka katika kibao bila kupima anaweza kuunguza kilichopo upande wa pili. Kwa upande mwingine, kompyuta nyingi za ofisini za miaka ya karibuni kutoka Dell, HP na Lenovo zina saplai zinazotoa volti 12 pekee kupitia plagi ndogo zaidi, na kazi ya kutengeneza volti 5 na 3.3 imeachiwa mazabodi. Hizo si mbaya kwa anayehitaji volti 12 tu, ila hazitaingia katika kibao cha pini 24, na mafundi wanaouza vipuri hawatofautishi kila mara.

Jambo la kuangaliwa kabla ya kuchomeka chochote ni ile swichi ndogo nyekundu iliyo nyuma ya saplai nyingi za zamani, yenye alama za 115 na 230. Kompyuta zilizotumika hutufikia kutoka nchi mbalimbali, zikiwemo zinazotumia umeme wa volti 110 hadi 120, na swichi hiyo huweza kubaki ilivyowekwa huko. Ikiwa imewekwa 115 kisha saplai ikachomekwa katika umeme wetu wa volti 230, saketi ya ndani inayokusudiwa kuzidisha volti maradufu itapandisha umeme wa mkondo mnyoofu (DC) hadi zaidi ya volti 600 juu ya jozi ya kapasita ambazo kwa kawaida kila moja imejengwa kwa volti 200. Hupasuka kwa kishindo. Saplai za kisasa zaidi zinazokubali volti 100 hadi 240 hazina swichi hiyo, na binafsi ndizo ninazozipendelea, kwa kuwa zinavumilia pia zile jioni ambazo umeme wa mtaani unashuka sana.

Sasa nifike kwenye kibao, ambacho ndicho kilichonifanya nione kwamba kazi hii inafaa hata kwa mwanafunzi. Njia iliyozoeleka ni kufungua boksi la saplai, kutoboa matundu kwenye bati lake, kufunga soketi za rangi mbalimbali na kulehemu nyaya humohumo ndani. Matokeo yake hupendeza machoni, lakini mimi siikubali njia hiyo kwa mtu asiyezoea umeme wa ukutani. Kapasita kubwa zilizo upande wa kuingilia umeme hukaa na takriban volti 325 za mkondo mnyoofu, na ingawa kuna rezista zilizowekwa kuzimwaga baada ya kuchomoa, rezista hizo nazo huweza kuwa zimekatika katika kifaa kikuukuu, na chaji ikabaki ikimsubiri mtu. Vumbi la chuma linalotokana na kutoboa huingia katika saketi na kuleta shoti ambayo hutokea baadaye sana, wakati hakuna anayekumbuka chanzo chake. Aidha, anayekata nyaya anapaswa kujua kwamba waya mwembamba wa kahawia unaoingia katika pini moja na ule wa machungwa ndio ambao saplai huutumia kupima volti 3.3 inayofika mwisho wa safari. Ukiachwa ukining'inia, saplai hukataa kuwaka au hutoa volti isiyo sahihi. Kibao huondoa yote haya, kwa sababu boksi halifunguliwi na plagi inabaki ilivyotoka kiwandani.

Kibao chenyewe si kamilifu. Swichi yake ni ndogo na inalegea, na vifungio vya skrubu ni vyembamba kwa waya mnene. Fyuzi zake zinazojirudisha zenyewe huchelewa kukata, hivyo nimeongeza fyuzi za gari, zile bapa za ampea 3, 5 na 10, ambazo hupatikana katika kila duka la spea na hukaa kwenye vishikio vyenye waya tayari. Kila volti ninayoitumia inapita katika fyuzi yake. Saplai hizi zina ulinzi wa ndani dhidi ya shoti, na wa kwangu unafanya kazi: ikiguswa shoti inazimika hadi utenganishe waya wa kijani na kuunganisha upya. Lakini ulinzi huo umekusudiwa kuokoa saplai. Wewe na saketi yako hamkufikiriwa. Shoti isiyokamilika, kama vile transista iliyogeuzwa au kapasita iliyofungwa kinyume, huweza kuvuta ampea 10 bila saplai kuona tatizo lolote, na ampea 10 katika volti 12 ni wati 120 za joto juu ya kitu chenye ukubwa wa ukucha. Waya mmoja wa saplai pia usibebeshwe zaidi ya ampea 5 au 6. Unapohitaji zaidi ya hapo, unganisha nyaya kadhaa za rangi moja sambamba.

Nimeipima kwa kuipa mzigo wa balbu ya taa ya mbele ya gari yenye wati 55, inayovuta karibu ampea 4.6. Balbu baridi huvuta mkondo mkubwa mno kwa kitambo kifupi, na mara nyingine saplai huuchukulia kuwa ni shoti na kuzimika, kwa hiyo ni vyema balbu iunganishwe kwanza kupitia rezista ndogo yenye nguvu, kisha rezista ipitwe. Balbu ilipowaka bila mzigo mwingine wowote, volti 12 ilishuka hadi 11.5 na volti 5 ikapanda hadi 5.2, zote mbili zikiwa ukingoni mwa kiwango kinachoruhusiwa. Sababu ni kwamba katika saplai nyingi za kizazi hiki volti 5 na 12 hudhibitiwa kwa pamoja: saketi ya ndani hupima wastani wa zote mbili, hivyo moja ikilemewa na nyingine ikiwa tupu, zinapishana. Dawa yake ni rezista ya omu 10 yenye uwezo wa wati 10 kati ya nyekundu na nyeusi. Inavuta nusu ampea na kutoa joto la wati 2.5, na kwa mzigo huo mdogo volti 12 yangu ilirudi 11.8. Rezista hiyo huwa ya moto kiasi cha kutoshikika, kwa hiyo nimeifunga kwenye kipande cha alumini mbele ya upepo wa feni. Saplai za kisasa zinazotengeneza volti 5 na 3.3 kutoka kwenye volti 12 hazina haja nayo.

Jambo ambalo halipewi uzito unaostahili ni waya wa ardhi. Katika saplai hizi nyaya nyeusi zote zimeungana na bati la boksi, na bati limeungana na pini ya ardhi ya plagi ya ukutani. Kwanza, hii ina maana kwamba saplai mbili za namna hii haziwezi kuunganishwa mfululizo ili kupata volti 24, kwa sababu sifuri zao zimekwisha kuunganishwa ukutani, na jaribio hilo huwa ni shoti kamili. Pili, na hili linatuhusu zaidi, zipo nyumba nyingi ambazo soketi zake zina tundu la ardhi lakini nyuma yake hakuna waya uliofika ardhini. Kila saplai ya kompyuta ina kapasita ndogo za kuchuja kelele zilizofungwa kati ya umeme na bati. Ardhi isipokuwapo, bati hupanda hadi takriban nusu ya volti ya ukutani, yaani karibu volti 115. Mkondo wake ni mdogo, na aliyewahi kugusa boksi la kompyuta akiwa peku sakafuni anaujua mchomo huo. Kwenye meza ya ufundi, hata hivyo, volti hiyo hufika katika kila saketi unayoishika, na inatosha kuua chipu laini pale unapounganisha waya wa USB kwenda kompyuta nyingine. Kabla ya kuitumia saplai hii nyumbani, mwombe fundi umeme apime ardhi ya soketi, na kama haipo ifungwe. Gharama hiyo naihesabu kuwa sehemu ya bei ya kifaa.

Kwa upande wa kelele za umeme, saplai za kuswichi kama hii, ambazo hukata na kuunganisha umeme kwa kasi kubwa ili kuubadilisha, haziwezi kushindana na zile za trafoma kubwa. Kiwango rasmi huruhusu mtikisiko wa hadi milivolti 120 katika volti 12 na milivolti 50 katika volti 5, na saplai iliyochoka huzidi hapo. Katika redio ya masafa ya kati iliyo karibu nayo mlio husikika wazi, na kikuza sauti kidogo cha hatua ya kwanza hukoroma. Kwa anayetengeneza redio au vifaa vya sauti hili ni pungufu la kweli, na chujio la koili na kapasita hulipunguza bila kulimaliza.

Mahali ambapo kifaa hiki kimenifurahisha kuliko kote ni katika kazi za mkondo mwingi na volti moja. Utepe wa taa za LED wa mita 5 wenye taa kubwa 60 kwa kila mita, unaohitaji karibu ampea 6 katika volti 12, unawaka kwa mwanga uleule kwa saa nyingi bila saplai kupata joto la kutisha. Redio za magari zinajaribiwa juu yake vizuri, ingawa gari likiwa linaunguruma hutoa volti 13.8 hadi 14.4, hivyo nguvu ya sauti itakuwa pungufu kidogo mezani. Bodi za Arduino zenye mota za servo kadhaa, ambazo huanguka zikilishwa na USB ya kompyuta, hutulia kabisa kwenye volti 5 za nyaya nyekundu.

Ziko kazi mbili ambazo watu huniuliza na ninawakataza. Ya kwanza ni kuchaji betri ya gari au ya sola ya volti 12: betri ya asidi huhitaji karibu volti 14.4 ili ijae, na volti 12 haziwezi kuifikisha huko. Kinyume chake, betri iliyojaa inaweza kurudisha mkondo ndani ya saplai. Ya pili ni ufundi wa simu. Fundi simu huhitaji volti kati ya 3.7 na 4.2 anazoweza kuzirekebisha, kikomo cha mkondo, na kioo kinachomwonyesha simu inavuta miliampea ngapi kabla na baada ya kubonyeza kitufe cha kuwasha, kwani kwa usomaji huo ndipo anapojua shoti iko wapi. Saplai ya kompyuta haina hata kimoja kati ya hivyo, na volti 3.3 zake hazitoshi kuiwasha simu.

Kwa kazi za volti za katikati nimeongeza moduli ndogo ya kupandisha na kushusha volti, yenye kioo na vitufe, inayopokea volti 12 na kutoa kutoka chini ya volti 1 hadi 30, ikiwa na kikomo cha mkondo kinachopangwa na nguvu isiyozidi wati 35. Nimeifunga kupitia fyuzi ya ampea 5. Hapo ndipo ninapowasha kila saketi mpya kwa mara ya kwanza, kikomo kikiwa kwenye miliampea 100, na nikishaona inavuta inavyopaswa ndipo ninapoihamishia kwenye nyaya kuu za saplai. Kwa kutumia IC (chipu) ya LM317 ya kurekebisha volti mtu anaweza kujijengea kitu cha namna hiyo kwa bei ndogo zaidi, ila kwa kuwa IC hiyo hupoteza volti 2 hadi 3 ndani yake, kutoka kwenye volti 12 hatapata zaidi ya 9 au 10, na joto lake litahitaji kipozea kikubwa. Sifuri ya moduli hizi nyingi ni ileile ya saplai, na kwa hiyo imeungana na ardhi ya ukutani: yote niliyosema kuhusu soketi isiyo na ardhi yanaihusu pia.